Ua la Sikio la Kulia

Ukienda Bab Jedid Jumamosi asubuhi ukarudi hujakanyagwa mguu, basi hukufika Bab Jedid. Vichochoro vya wahunzi pale Tunis ni vyembamba, na kila mtu amebeba kitu kinachochoma: huyu ana fito za chuma begani, yule kakumbatia bati, mwingine kashika reki zimenyoosha meno juu. Watu wanapigiana kelele, "Njia! Njia!", nyundo zinajibu, na vumbi la chuma linakaa ulimini kama chumvi.

Katika zahama hiyo Mehrez alisukumwa, hakujua na nani. Alijikuta kizingitini mwa duka la vifaa, kapu lake tupu la maua limemtangulia, na mbele yake pana bustani.

Bustani, ndani ya duka la misumari! Maua mekundu kama yale yanayochipuka katikati ya ngano. Mpungate wenye miiba. Mtende mfupi wa kimo cha mtoto. Na pembeni, mashada ya yasmini, meupe pepepe. Mehrez alikuwa muuza yasmini, mwana wa muuza yasmini. Nani huyu mwenye yasmini asubuhi, wakati yake mwenyewe haijachumwa? Akainama kunusa.

"Kaka, hiyo hainuswi!"

Kachelewa. Petali la bati lilikwisha kumchana ncha ya pua.

"Pole," alisema msichana aliyetokea nyuma ya kaunta, anajizuia kucheka na hawezi. Alivaa bwelasuti ya buluu juu ya gauni la maua, nywele kazifunga kwa kamba ya kijani ya kufungia nyanya, na masikioni zilining'inia nati mbili za shaba zilizong'arishwa. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo kama ya mtu anayefuga paka wakali.

"Pole ya nini? Nimeuza maua tangu nikiwa mdogo, sijaona ua linalouma mtu."

"Labda yako yamefugwa. Hili la porini."

"Pori gani?"

"Boksi la pili, chini ya misumari."

Mehrez alicheka, damu ikimtiririka mdomoni. Akatazama tena, safari hii kwa jicho la mtu wa kazi. Maua mekundu yalikuwa faneli za kumiminia mafuta ya taa. Mpungate ulikuwa miiko ya bustani iliyopakwa rangi ya kijani, miiba yake misumari ya fundi viatu. Makuti ya mtende yalikuwa nyembe za msumeno, na shina lake mpira mkuukuu wa maji uliozungushwa ukakazwa.

"Nani kayatengeneza?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mkono wangu wa kushoto."

"Dorsaf!" ilipaa sauti nzito kutoka kwenye mizani ya misumari. Ilikuwa ya mama yake, Bi Shedlia, mjane mwenye duka. "Kama hanunui, mfute damu aende zake. Kama ananunua, mfute akishalipa!"

Mehrez alinunua kipande cha waya ambacho hakuwa na haja nacho. Alipofika mlangoni akageuka.

"Yasmini yako ina kosa."

Tabasamu la Dorsaf likakauka. "Kosa gani?"

"Imefunguka. Sisi hatuchumi iliyofunguka. Tunachuma vichomozo vingali vimefumba, tunavifunga kwenye vijiti vya nyasi, na kikuba kinafungukia kifuani mwa aliyekinunua. Yasmini iliyofunguka asubuhi, jioni ni maiti."

Akaondoka. Dorsaf alisimama, mkasi wa bati mkononi. Watu wengi walikuwa wamemsifia maua yake, na sifa zao ziliingia sikio hili zikatokea lile. Huyu ndiye wa kwanza kumwonyesha kosa asilolijua. Alirudi kaunta, akayang'oa mapetali yote ya bati.

Mehrez aliporudi, maana alirudi, nani angezuia, alikuta kikuba kipya kimesimama kwenye chupa. Vichomozo vyake vilikuwa vile vijiti vyeupe vya plastiki ambavyo fundi huvisokomeza ukutani kabla ya kukaza parafujo, vimefumba, vimebanana, vimefungwa kwa waya mwembamba. Ungeapa vinangoja magharibi vifunguke.

"Sasa je?" Dorsaf aliuliza, mikono kiunoni.

"Sasa naogopa kukinusa."

"Nusa. Hiki hakina meno."

Akanusa. "Kinanuka duka."

"Na wewe unanuka kaburi la sultani. Nani anajipaka manukato hivyo kuja kununua waya?"

Siku ile wakapeana namba. Alipofika kwake Mehrez akamwandikia kwa simu, maana shule aliiacha mapema lakini mashairi hayakumwacha:

*Nimenusa ua chuma, halinuki lanikata,*
*Nikarudi tena nyuma, na pua yangu yapwita,*
*Ewe binti wa huruma, usiniache kujuta,*
*Moyo umeshatuama, dukani kwenu napita.*

Dorsaf alimpigia papo hapo. "Pua inapwita? Hayo ndiyo mapenzi?"

"Mapenzi huanzia yanapoingilia."

"Basi lala, mshairi wa pua."

"Nilalaje? Umenikalia ini."

"Nitakuhama kesho, nikikuta maji ya kuoga hakuna."

Wakapendana hivyo, kwa kuchokozana. Asubuhi Mehrez alimletea maandazi ya bambaloni ya moto, sukari imewajaa vidoleni, wakala wamesimama kati ya ndoo na mabeleshi. Alimfundisha jinsi yasmini inavyoinamisha shingo. Dorsaf alimfundisha kutofautisha waya kwa kuugonga na kusikiliza. Alasiri Mehrez akaenda kuchuma, na jua likianza kulegea yuko kituo cha treni cha Halk el Wadi, kofia nyekundu kichwani, fulana nyeupe, kapu mkononi, akiuza vikuba kwa watu wanaoshuka kwenda pwani kula samaki.

Tatizo lilikuwa Bi Shedlia.

"Muuza yasmini," alisema jioni moja, akimenya vitunguu saumu kwa hasira kana kwamba vilimkosea. "Kiangazi mfalme, kipupwe ombaomba. Lakini hilo nalimeza, riziki anagawa Mungu. Nisilomeza ni mdomo wake. Huyu anawaita wanawake wa watu 'kipenzi' kuanzia magharibi mpaka kapu liishe."

"Ni biashara, mama."

"Baba yako naye alikuwa na biashara. Kila alipopanda treni alivua pete akaitia kwenye soksi. Mimi ndiye niliyefua soksi zile, Dorsaf."

Dorsaf alilitafuta jibu. Kisha akalipata. "Mehrez atavaa ua langu sikio la kulia. Palepale kituoni, mbele ya watu wote."

Bi Shedlia aliweka kisu chini. Kwetu mwanamume huvaa kikuba sikioni, na hata mtoto anajua kusoma: sikio la kushoto, nyumba ina nafasi, karibuni; sikio la kulia, nyumba imeshapata mwenyewe.

"Muuza yasmini, sikio la kulia?" Mama alicheka kicheko kikavu. "Atakuwa wa kwanza tangu bahari ichimbwe. Haya. Nikimwona hivyo kwa macho yangu haya, na alete mama yake Ijumaa anayotaka, tusome Fatiha ya posa. Nikimwona vinginevyo, jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii."

"Nimekubali."

"Usikubali upesi hivyo. Chuma unakijua, mwanamume humjui."

Kesho yake Dorsaf alimkalisha Mehrez kwenye ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya duka. Alikuwa ametengeneza kikuba kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, kidogo, vichomozo vimechongwa kwa wembe kimoja kimoja. Lakini kijiti chake hakikuwa cha waya. Kilikuwa spoki ya baiskeli, ngumu, iliyong'arishwa ikawa fedha. Alimwambia yote aliyoyasema mama yake, hakumficha neno. Kisha akashika plaisi, akaikunja ile spoki taratibu kufuata mviringo wa sikio la kulia la Mehrez, uso wake karibu mno na shavu lake.

"Unapumua kama mhunzi," Mehrez alinong'ona.

"Nyamaza, nitakukata sikio. Haya, sikiliza vizuri. Hii si waya wa kufungia. Ni chuma kigumu. Kunjo la kwanza kinakubali. La pili kinavumilia. La tatu kinakatika. Kunjo la kwanza ni langu mimi. Usilikunje tena."

"Wallahi sitalivua mpaka siku ya Fatiha."

"Hata kazini?"

"Hata bafuni. Likishika kutu shauri yako."

"Halishiki kutu, nimelipaka vanishi."

"Basi nitazikwa nalo, ini langu."

Alitoka barabarani kifua mbele kama jemadari, na wahunzi wa Bab Jedid wakampigia nyundo kwa mzaha, kwa mapigo ya ngoma ya harusi.

Sasa msikieni jioni zilizofuata pale kituoni.

"Yasmini! Yasmini ya leo, kipenzi, kifua kama hicho kikikosa yasmini ni dhambi!"

Mwanamke aliyevaa gauni la manjano alisimama, akaona sikio, akamkonyeza mwenzake. "Kipenzi ni yule aliyekufunga, bwana. Mpelekee yeye!" Wakapita wakicheka.

"Mama, kikuba!"

"Nenda ukamuuzie mkeo, mwanangu, usiku usije ukalala nje."

Hakukuwa na ubaya katika maneno yao. Lakini muuza yasmini hauzi ua peke yake. Anauza dakika moja ya mchezo, mwanamke aambiwe ni mzuri na mtu ambaye huenda, Mungu akipenda, anasema kweli. Sikio la kulia liliuzima mchezo huo kabla haujaanza. Vijana wengine wa sikio la kushoto walimaliza makapu yao na kuondoka wakipiga mluzi. Mehrez alirudi na kapu zito, na asubuhi yasmini yote ilikuwa imesawijika kama majani ya chai. Bahari ikayapokea maua yake siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Na alikuwa amemwahidi sonara fedha za pete ya Dorsaf.

Angeweza kulivua. Angeweza kulitia mfukoni akafanya kazi, akalivaa tena akienda kwa Dorsaf. Lakini alikuwa ameapa, na alikuwa mtu wa kiapo. Kiburi chake kilikuwa cha namna hiyo: kilishika neno kikaacha maana. Jioni ya nne, kabla treni haijafika, alikwenda nyuma ya kibanda cha tiketi, akabana spoki kwa meno, akaikunja upande wa pili. Ua likakaa sikio la kushoto.

"Nilisema sitalivua," alijiambia. "Nimelihamisha, sijalivua."

Kapu likaisha kabla adhana ya magharibi haijamalizika. Kesho yake vilevile. Alimpigia Dorsaf akiwa na furaha ya kweli.

"Mpenzi, biashara imefunguka!"

"Na ua langu?"

"Liko sikioni," alisema. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Dorsaf alikwenda kwa mama yake, macho yanameta. "Jiandae. Kesho nakupeleka Halk el Wadi, ukale briki, zile sambusa za yai, uone."

Bi Shedlia alijitanda safsari yake nyeupe ya hariri, ile anayoitoa sandukuni kwa harusi tu. Dorsaf alivaa gauni la zambarau na viatu vyekundu, na nati zake za shaba alizisugua kwa ndimu. Ndani ya treni alizungumza bila kupumua. Waliposhuka, umati ulikuwa mkubwa, watoto, maboya, harufu ya samaki wa kuchoma, na juu ya yote sauti anayoijua hata usingizini.

"Chukua, kipenzi! Hapana, usilipe kwanza, cheka kwanza. Naam! Sasa lipa nusu, nusu nyingine umeshalipa kwa meno hayo!"

Wasichana walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa akigusa ua lililo sikioni mwake. "Hili je, la ajabu hili, unaliuza?"

"Hili haliuzwi, mrembo. Hili ni tangazo."

Dorsaf alisikia neno hilo. *Tangazo.* Kisha akaona sikio.

Hakupiga kelele. Aliwapisha watu mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka akasimama mbele yake. Mehrez aliinua mkono akalifunika sikio.

"Mama yangu anataka kikuba," Dorsaf alisema.

Bi Shedlia alisogea, safsari kaibana chini ya kwapa. "Bei gani, mwanangu?"

"Mama... kwako bure."

"Bure ni ghali. Nimeshanunua cha bure mara moja." Akaweka dinari kapuni, akachagua kikuba, akakitazama. "Baba yake alikuwa anaivua pete. Kuvua nakujua, Mehrez. Kupindua ndiyo naona leo."

"Dorsaf, sikiliza. Niliapa sitalivua, na sikulivua hata..."

"Ungelivua," Dorsaf alisema. "Ungelivua ukalitia mfukoni, ningesema ni kazi, ningekutetea mpaka kesho. Wewe umelikunja. Ua langu, lililokunjwa kwa mkono wangu, umeliweka sikio la kuitia wanawake. Umenifanya mimi kibao cha dukani kwako!"

"Nilikuwa natafuta pete yako!"

"Kwenye vifua vya nani?"

Wasichana waliguna. Damu ilimpanda Mehrez usoni, maana watu walikuwa wanatazama. "Basi kamtafute asiyefanya kazi!" alisema. Alijuta kabla neno halijafika chini, lakini halikurudi.

Mama na binti hawakula briki.

Mehrez alipiga simu usiku huo, na kesho, na keshokutwa. Iliita ikakatika. Mwishowe aliandika:

*Nilikunja waya wako, sikukunja moyo wangu,*
*Sikio moja ni lako, la pili riziki yangu.*

Jibu lilikuja haraka: "Basi baki na sikio la riziki."

Wiki zikapita nzitonzito. Dorsaf aliuza misumari. Hakutengeneza kitu. Faneli nyekundu zilirudi kuwa faneli, watu wakazinunua, na mtende ukabaki mlangoni ukishika vumbi. Bi Shedlia alimtazama akila nusu mkate na kuacha nusu, akatazama tena.

"Unamtaka?" aliuliza siku moja, ghafla, akipima misumari ya mteja.

"Mama, jina lake halitajwi."

"Sijalitaja. Nimeuliza unamtaka?"

Dorsaf alilia juu ya kaunta, mteja kasimama na noti yake mkononi.

"Mimi nilimsamehe aliyevua," Bi Shedlia alisema, "nikaishi, sikufa. Mwambie aje Ijumaa na mama yake. Lakini aje na ua lako palepale ulipoliweka. Bila hilo asipande ngazi zangu."

Dorsaf alipiga. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Ini langu," Mehrez alisema.

"Usiniite hivyo bado. Ijumaa. Uje na mama yako. Ua langu, sikio la kulia."

"Nitakuja hata na masikio yote mawili mkononi."

"Moja linatosha, mjinga wewe," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka. "Na usijimwagie manukato."

Ijumaa Mehrez alivaa joho lake jeupe la hariri na kofia nyekundu mpya. Mama yake alikuwa tayari barazani na sinia la vitamu vya lozi, limefunikwa kitambaa cha tarizi. Mehrez alisimama mbele ya kioo, akachukua ua. Lilikuwa bado limekunjwa kwa sikio la kushoto, maana tangu ile jioni hakuthubutu kuligusa. Alilipasha moto kidogo juu ya mshumaa. Alilishika kama mtu anayemshika ndege. Akalikunja polepole, polepole.

Tak.

Kijiti mkono wa kulia, ua mkono wa kushoto. Alivitazama muda mrefu. *La tatu kinakatika.* Aliambiwa.

"Mehrez! Watu wanatungoja!" mama yake aliita.

Alivitia vipande mfukoni. Kwenye kapu la jana palikuwa na yasmini iliyobaki, akachagua vichomozo vizima vichache, akafunga kikuba, akakiweka sikio la kulia. Njia nzima alijiambia atasema ukweli. Atavitoa vipande mlangoni, atasema, nisamehe, limekatika mkononi mwangu nikilirudisha kwako. Maneno mepesi. Yeye aliyeweza kupanga vina vinane kwa pumzi moja!

Bi Shedlia alifungua mlango, na jicho lake likaenda moja kwa moja sikioni. Alisogea wapite. Jicho hilo lilimwingia Mehrez kama msumari, na ukweli uliokuwa ulimini ukarudi ndani.

Dorsaf alimngoja uani, gauni jeupe, wanja machoni, kikuba kifuani. Tabasamu lake lilikuwa njiani kuja likasimama.

"Langu liko wapi?"

"Nimekuja na sikio la kulia. Si ndilo ulilotaka?"

"Nilitaka ua langu."

"Hili ni hai, Dorsaf."

"Sijauliza kama ni hai. Langu liko wapi?"

Mkono wake ulikuwa mfukoni. Ncha ya spoki iliyokatika ilikuwa inamchoma kiganja, kama vile lile bati lilivyomchoma pua siku ya kwanza. Angeutoa tu mkono. Lakini nyuma ya pazia alimwona Bi Shedlia anasikiliza, akajiona atakavyoonekana: kijana amesimama na vipande viwili vya chuma, anaomba. Hakuwahi kuomba. Kilichotoka kinywani kilikuwa kile kiburi chake cha zamani, kilichosimama wima na kisichojua kuinama.

"Mimi ni mtu wa yasmini. Sipimwi kwa spoki ya baiskeli."

"Umelitupa?"

Mehrez alikaza ngumi mfukoni.

"Mehrez, sema hapana. Sema hapana tu, nitakuamini."

"Fikiria unavyotaka."

Dorsaf aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei akaona haiwezi. Alikifungua kikuba kifuani mwake, akakiweka juu ya ukingo wa kisima, akaingia ndani.

Sebuleni sinia la vitamu lilikuwa bado halijaguswa. Bi Shedlia alikishika kile kitambaa cha tarizi, akalifunika tena, akalinyoosha kila pembe. "Chukua, dada yangu," alimwambia mama yake Mehrez kwa upole. "Haikuandikwa."

Barabarani Mehrez alimtolea mama yake vile vipande, na mama wa watu akalia waziwazi. "Kimekatika, si kosa lako! Kwa nini hukumwonyesha?"

"Ningeonekana naomba."

"Na ndiyo nini posa, mwanangu, kama si kuomba?"

Mehrez alimpokea sinia, wakaendelea na njia.

Kipupwe kikaja, mvua ikapiga mabati ya Bab Jedid. Dorsaf akarudia kazi. Hoteli moja ya Marsa iliona mtende wake wa misumeno ikamwagiza bustani nzima ya ukumbini, naye akaitengeneza: matete ya mipira ya kumwagilia tone kwa tone, mibaruti ya brashi za waya, mizabibu ya springi. Watu walisema haijawahi kuwa nzuri hivyo. Kuna vitu vizuri vinavyotokana na hasira.

Lakini hasira, hata ya haki, inachoka kabla ya mapenzi. Kiangazi kilipoingia Dorsaf alitengeneza ua moja ambalo halikuwa la hoteli. Kikuba kidogo, vichomozo vimefumba, na kijiti chake safari hii waya laini wa shaba. Waya wa shaba ukunje utakavyo, mara mia, haukatiki. Alilifunga kwenye leso.

"Unakwenda Marsa?" mama yake aliuliza, ameona leso.

"Naenda Marsa. Labda nishuke kidogo njiani."

Bi Shedlia alitafuna mastiki yake. "Mfukoni uwe na nauli ya kurudi," alisema, na akageuka haraka asionekane uso.

Treni ilivuka ziwa, jua limelegea, flamingo wamesimama majini kama maua yake mwenyewe. Ilipopunguza mwendo Halk el Wadi, Dorsaf alikuwa tayari mlangoni, leso mkononi, moyo unampwita. Akamwona. Amekonda kidogo. Kofia ileile nyekundu. Kapu limejaa tele, halijapungua.

Kisha Mehrez akageuza shingo, na Dorsaf akaona ua jeupe sikioni mwake.

Sikio la kulia.

Hata mtoto anajua kusoma. Dorsaf alisoma. *Nyumba imeshapata mwenyewe.* Kumbe aliweza kulivaa, kwa mwingine.

"Binti, hushuki?" aliuliza bibi mmoja nyuma yake. "Tupishe basi."

"Hapana, bibi. Mimi sishuki hapa."

Akarudi akaketi upande wa pili, ulioelekea ziwani.

Kituoni Mehrez alipita chini ya madirisha akiita, "Yasmini! Yasmini ya leo!" Hakuna aliyenunua, na mwanamke mmoja alimwambia ampelekee mkewe. Alizoea. Aliinua mkono akagusa sikio, kama afanyavyo kila treni, kuhakikisha kuwa lipo. Spoki ilikuwa imeungwa kwa uzi mweupe wa kufungia yasmini, mizunguko mingi iliyokazwa kwa meno, na kwa mbali hungeuona. Treni iliondoka. Jua likazama, na vikuba vyote pale kituoni, vya kwenye makapu na vya vifuani mwa watu, vikafunguka, isipokuwa kimoja.